Cha Msimu na Cha Kudumu

Watu wakisikia kwamba ukoo mzima ulikaa vikao viwili kwa ajili ya maua madogo kuliko kifungo cha shati, hucheka. Haya, chekeni. Mimi Digna ndiye niliyekuwa nafukuzwa, na siku zile sikuona cha kuchekesha hata kidogo.

Nilirudi nyumbani Kilema mwaka uliofuata Azimio la Arusha, nikitokea kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, alikokuwa akiendesha trekta mume wangu Primus. Miaka saba sikuzaa. Mwaka wa nane Primus akaleta mwanamke mwingine ndani ya chumba kilekile tulichopewa na kampuni, akaniambia niwe na subira. Subira! Nilifunga sanduku langu, nikapanda basi mpaka Himo, na kutoka Himo nikakwea mlima kwa miguu na sanduku kichwani. Halikuwa zito.

Baba hakuniuliza neno. Hakuwa mtu wa maneno, na mapenzi yake ungeyatafuta kwa taa. Siku ya tatu alinipeleka chini ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka msituni na kupita juu ya kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Akapima hatua kumi na mbili upana na hatua ishirini urefu, kisha akachomeka masale kwenye pembe nne. Masale ni ile mimea yetu ya majani marefu tunayowekea mipaka. Akasema, "Hapa utalima. Panda cha msimu. Maharage, viazi, magimbi. Mgomba usipande, mbuni usipande." Akachukua panga lake akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Kila aliyezaliwa mlimani anajua maana ya maneno hayo. Ukipanda kitu cha kudumu kwenye ardhi, umesema ardhi ni yako. Ukipanda cha msimu, umekaribishwa tu, na ukishavuna unaweza kuambiwa kwaheri. Binti aliyerudi kwao hulishwa, hapewi kihamba. Kihamba chetu kilikuwa cha mdogo wetu wa mwisho, Evaristo, kwa desturi, na mimi sikugombana na desturi. Nilijengewa kibanda pembeni ya lile eneo, nikapanda maharage yangu, nikanyamaza. Naam, kwa muda.

Mbegu za yale maua nilipewa na Sista Hedwiga, Mjerumani aliyekuwa akitunza sakristia ya parokia. Mimi nilikuwa nafua vitambaa vya altare kila Jumatatu. Siku moja akanipa bahasha yenye mbegu nyeusi zinazong'aa, ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya umezipoteza. Akaniambia kwao huota kando ya vijito, yana rangi ya bluu na kijicho cha njano katikati, na jina lake lina maana ya "usinisahau".

"Ua linalotoa amri," nikamwambia. "Hilo tutapatana, Sista."

Hatukupatana. Nilizimwaga kama mchicha, zikaota zimesongamana, konokono wakala nusu. Nusu iliyobaki ikatoa majani, majani, majani, yenye vinyweleo kama sikio la mbuzi. Miezi ikapita bila ua hata moja. Nilimrudia Sista na maneno makali, naye akacheka mpaka akashika ukuta. "Ni ya miaka miwili, Digna. Mwaka wa kwanza yanakula, mwaka wa pili yanafanya kazi."

"Basi ni kama mdogo wangu Evaristo," nikasema, "ila Evaristo bado yuko mwaka wa kwanza."

Nikajifunza. Mbegu nilizichanganya na mchanga ili zisisongamane, nikazifunika kwa udongo mwembamba kabisa, na juu nikaweka kivuli cha majani makavu ya mgomba. Samadi niliweka ile iliyooza mwaka mzima, na kidogo, kwa sababu ukiishibisha mimea hii inanenepa tu haitoi ua. Maji niliyamwaga kwenye shina, si juu, maana majani yakilowa jioni asubuhi yana unga mweupe na ugonjwa umeingia. Konokono niliwaokota kwa mkono kabla ya jua kutoka, nikawatia kwenye kopo la maji ya chumvi. Miche ilipofika majani sita niliitenga shubiri moja moja, upande wa juu karibu na mfongo, pale ambapo udongo haukauki. Kwenye kipupwe cha mwaka wa sabini yakachanua yote kwa wiki moja. Yesu na Maria! Nilisimama na ndoo mkononi nikasahau nilikuwa nakwenda wapi.

Tangu hapo kila Jumamosi wakati wa kipupwe nilipeleka shada altareni. Watu walikuja kuangalia kwenye masale. Wengine waliniuliza yanaliwa? Nikawajibu kwamba wakitaka kujua waonje.

Sasa hapa pana jambo ninalotaka lieleweke, kwa sababu kesi yote ilisimama juu yake. Mche wa maua haya ukishachanua hutoa mbegu, hunyauka, hufa, na usiulilie. Lakini mbegu zinaanguka chini, na mvua za vuli zikija zinaota zenyewe, nyingi kuliko nilizopanda mimi. Kwa hiyo mwaka wa sabini na moja nilikuta miche imejaa bila mimi kugusa kitu, na sabini na mbili vilevile. Kazi yangu ilibaki kupunguza na kumwagilia. Bahasha ya Sista nilikwishaitupa zamani. Baba alifariki mwaka wa sabini na tatu, Sista akarudi kwao Ujerumani mwaka uliofuata, na maua yakaendelea kurudi.

Ikaja sabini na sita. Redio ikasema baridi ya mwaka uliotangulia iliua kahawa huko Brazili, na bei ya kahawa yetu ikapanda mpaka watu wazima wakaanza kuota ndoto za bati jipya. Kila penye nafasi kihambani mtu alichimba shimo la mbuni. Walichimba kando ya choo, walichimba njiani. Evaristo alikuwa na watoto wa kiume watano, na kihamba kikigawanywa kwa watano kila mmoja anapata mahali pa kusimama kwa mguu mmoja. Siwezi kusema hakuwa na sababu.

Akanijia asubuhi moja, kofia mkononi. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kofia imevuliwa, kuna jambo."

"Dada, pale chini ya mfongo nataka nipande kahawa. Pana maji. Miche arobaini inaingia."

"Na mimi nitaingia wapi?"

"Tutaona."

"Nani ataona? Mimi naona sasa hivi. Naona napanga chumba Himo, nauza ndizi kwa wasafiri mpaka nife. Ondoka hapa kabla hujanipandisha hasira."

Aliondoka, lakini hakuacha. Mwezi wa nane aliwaleta wazee. Aliyeongoza alikuwa Baba mdogo Melkior, ndugu wa tumbo moja wa marehemu Baba, mtu wa buti za mpira na haraka, ambaye kila kikao alikianza kwa kusema ana ng'ombe wanamsubiri. Alikuja pia Thadeus, balozi wetu wa nyumba kumi, na wazee wengine watatu wa ukoo. Maua yalikuwa yanamalizia kuchanua. Evaristo akasimama katikati yake.

"Marehemu alisema apande cha msimu," akasema. "Dada, haya maua mwaka huu yalipandwa na nani?"

"Yaliota."

"Mwaka jana?"

"Yaliota."

"Mwaka juzi?"

Mjinga yule alikuwa amefikiri, sijui kwa siku ngapi.

"Kisichopandwa tena kila msimu ni cha kudumu," akasema. "Dada amepanda cha kudumu kwenye kihamba. Amevunja neno la Baba. Basi aondoke."

Nikang'oa mche mmoja mkavu, nikamtia Baba mdogo mkononi. "Huu umekufa! Umechanua umekufa. Kitu gani cha kudumu kinakufa kila mwaka?"

Balozi Thadeus akakohoa. "Mgomba nao ukishazaa unakufa," akasema. "Na mgomba ni wa kudumu kuliko sisi sote hapa."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, na mimi nikamtolea balozi macho ambayo nadhani anayakumbuka mpaka leo. "Mgomba una machipukizi ya shina," nikasema. "Haya ni mbegu. Mchicha nao unaangusha mbegu na kuota wenyewe nyuma ya kila jiko la Kilema. Nani hapa ana mke aliyefukuzwa kwa sababu ya mchicha?"

Wakaanza kubishana wao kwa wao, mgomba huku, mchicha kule, mpaka Baba mdogo akapiga chini fimbo. Alikuwa na ng'ombe wanamsubiri.

"Sikilizeni. Hili ua mimi silijui, na hakuna hapa anayelijua. Digna, utayang'oa yote, leo, mbele yetu. Usipande mengine. Krismasi watu wote wa ukoo watakuwa nyumbani, tutashuka hapa tuangalie. Yakiwa yamerudi yenyewe bila mkono wa mtu, ni ya kudumu, umevunja neno la baba yako, utaondoka. Yakiwa hayakurudi, ni ya msimu, utabaki ulime."

Niliyang'oa. Wazee walisimama wakiangalia, na kila shina nililolivuta lilinyunyiza mbegu chini. Mimi nilizisikia, wao hawakuzisikia. Walipoondoka nilijua wazi kabisa kwamba nimekwisha. Ule udongo ulikuwa umejaa mbegu za miaka sita. Ukisubiri mvua za vuli zinyeshe, kabla ya Krismasi pangekuwa kijani kitupu, na mimi barabara ya Himo.

Nilikaa siku mbili sili vizuri. Siku ya tatu nikapata akili, na akili yenyewe ilinitia uchungu. Kama mbegu lazima ziote, basi ziote mapema, nizimalize kabla ya wazee kurudi. Zamu yetu ya maji ya mfongo ilikuwa Jumanne alasiri. Jumanne ile nikafungua maji nikalowesha eneo lote, nikalitandazia majani makavu lisikauke, na kila siku nikaongeza ndoo. Baada ya wiki mbili nikainua majani. Zilikuwa zimeota kama manyoya. Sikuweza kuweka kidole bila kugusa mche.

Nikachukua kijembe nikazikwangua zote.

Nikamwagilia tena, zikaota tena, nikakwangua. Nilijifunza kutochimba, maana ukichimba unaleta juu mbegu zilizolala chini. Unakwangua ngozi tu ya udongo, kidole kimoja, taratibu, na unarudia. Mara ya tatu zilikuwa chache, nikazing'oa kwa vidole nimepiga magoti. Konokono niliokuwa nawafukuza miaka yote sasa niliwaacha, hata niliwaongeza kutoka kwenye migomba. Nilijisikia mtu mbaya. Kuna asubuhi nilikuta miche mitatu imejificha kando ya jiwe, imeshafika majani manne, mizuri, yenye afya, kama nilivyokuwa naitafuta zamani. Nilisema nayo. Niliiomba samahani kwa sauti, halafu nikaing'oa.

Mbegu sikuweka hata moja. Niliogopa. Kama Evaristo angenikuta na mbegu angesema nimewachezea wazee, na wazee wakiona wamechezewa hakuna wa kukutetea.

Siku moja Flavia, mke wa Evaristo, alisimama kwenye masale na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akanitazama kwa muda mrefu. Mimi na yeye hatukuwa na ubaya, ila mume ni mume.

"Wifi," akasema, "si ulishayang'oa mbele ya wazee?"

"Baba mdogo alisema niyang'oe. Hakusema mara ngapi."

"Unayamaliza kabisa."

"Namaliza."

"Huoni uchungu?"

"Uchungu wa nini? Majani haya." Nilidanganya, na alijua kwamba nimedanganya, kwa sababu uso wangu ulikuwa umelowa. Akarekebisha mzigo wake, akaenda. Nilisubiri Evaristo aje kunipigia kelele kwamba nawahadaa wazee. Hakuja. Flavia hakuwa amesema kitu.

Vuli ikanyesha vizuri mwaka ule. Mara ya nne ilitoka miche tisa, mara ya tano miwili. Wiki ya kwanza ya Desemba hakikuota kitu. Nilitembea pale hatua kwa hatua, nimeinama, siku nne mfululizo, na palikuwa na udongo mweusi, viazi vyangu, na mstari wa magimbi kando ya mfongo. Nilikuwa nimeshinda. Nilipika mtori, nikaula wote, sikusikia ladha yake.

Krismasi ukoo ukajaa. Walikuja wa Dar es Salaam na suruali zao pana, walikuja wa Arusha na Moshi mjini, kila nyumba ilichinja, pombe yetu ya ndizi, mbege, ikawa kwenye mapipa. Siku ya pili baada ya Krismasi kikao kikaitwa, na walipomaliza mambo ya mahari na ya mtoto aliyefukuzwa shule, Baba mdogo akasema, "Haya, tushuke kwa Digna."

Walishuka watu kama ishirini. Mimi nilisimama mlangoni pa kibanda changu na kanga nimeifunga kiunoni, macho makavu. Evaristo hakusubiri. Alipiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya Krismasi, akaanza kuangalia sentimita kwa sentimita. Alipekua katikati ya viazi. Akarudi kati. Akainuka na magoti meusi, uso umemwiva, akatikisa kichwa.

"Hakuna?" Baba mdogo akauliza.

"Sioni, Baba mdogo. Lakini haiwezekani. Miaka yote…"

"Macho yako ndiyo uliyoyaleta, na macho yako yameona. Jamani, mmeona wote?" Akarudi nyuma hatua moja kuwapisha watu waone, akasukuma pembeni jani kubwa la gimbi kwa fimbo yake, akainua buti lake la mpira ili alikanyage vizuri lile eneo la mwisho karibu na mfongo. "Basi mimi nasema kwamba ua hili ni la…"

"Mguu!" Nilipiga kelele. "Baba mdogo, mguu!"

Akabaki amesimama kwa mguu mmoja, ameshikwa bega na balozi. Watu wote wakatazama chini. Pale chini ya lile jani la gimbi ulikuwepo mche mmoja. Majani manane, manene, yenye vinyweleo, yamelala duara safi kabisa. Sikuwa nimeuona siku zote zile.

Msiniulize kwa nini nilipiga kelele. Ningenyamaza, buti lingeshuka, kesi ingeisha. Kelele ilitoka kabla ya mimi. Nilikuwa nimetumia miaka saba kuwaambia watoto, mbuzi na wageni waangalie miguu yao pale, na mdomo wangu ulifanya kazi yake peke yake.

Evaristo aliinama, akautazama, akanitazama. Hakucheka. Ningemlaumu kama angecheka.

"Digna," Baba mdogo akasema, ameshusha mguu mbali, "umepanda huu?"

"Sikupanda. Nimeua mingine, siwezi hata kusema mingapi. Kila wiki tangu mwezi wa tisa nimemwagilia na kukwangua ili msikute kitu. Huu ulinipita. Na nimechoka kuua. Kama ni wa kudumu, ni wa kudumu, semeni nifunge sanduku."

Wale wa Dar es Salaam walianza kunong'ona. Balozi Thadeus alitazama mlima. Baba mdogo hakutaja ng'ombe wake.

"Ni wa kudumu," akasema. "Umeota bila mkono wa mtu, na baada ya kuuliwa hivyo. Hilo limekwisha." "Evaristo. Baba yenu alifariki mwaka gani?"

"Sabini na tatu."

"Maua haya yalianza kurudi yenyewe mwaka gani?"

"Sabini na moja," nikajibu mimi.

"Basi aliyaona yakirudi. Mwenye kihamba akikuta mtu amepanda cha kudumu kwenye ardhi yake, hufanya nini?"

Hilo kila mwanamume pale alilijua. "Hukata siku hiyohiyo," balozi akasema. "Asipokata, amekubali. Baadaye hawezi kudai, hata mwanawe hawezi."

"Labda hakujua kwamba yanarudi yenyewe," mmoja wa wazee akasema. "Marehemu hakuwa mtu wa maua."

"Ndiyo maana nauliza. Evaristo, wewe ulikaa naye nyumba moja mpaka mwisho. Baba yako aliwahi kusema lolote juu ya maua haya?"

Evaristo akakung'uta udongo kwenye magoti yake. Akakung'uta tena, mahali ambapo hapakuwa na udongo. Mdogo wangu ana mabaya yake, naweza kuyataja mpaka jioni, lakini kuwadanganya wazee hajawahi. Nilimwona anatafuta neno lingine na hapati.

"Alinituma niyang'oe," akasema.

"Lini?"

"Mwaka ule yaliporudi mara ya kwanza. Alisema haya hayakupandwa, haya yamekaa, nenda kayang'oe kabla dada yako hajatoka Misa. Nikashuka na jembe. Nilikuwa nimeng'oa mstari mmoja nikamsikia. Alikuwa anakuja anakimbia. Baba, mnamjua, hajawahi kukimbia. Akanishika mkono wa jembe, anahema, akasema, 'Yaache yakae. Na yeye akae.' Tukairudishia ile miche ardhini, mimi na yeye, tukaimwagilia."

Flavia, aliyekuwa nyuma na wanawake, alimtazama mumewe kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

"Na hukusema hayo mwezi wa nane," Baba mdogo akasema.

"Nilijiambia ilikuwa huruma tu ya mzee, imekwenda naye. Nina watoto watano, Baba mdogo."

"Na mimi nina saba." Baba mdogo akapiga fimbo chini. "Maua ni ya kudumu, na mwenye kihamba aliyaona, akayaacha. Eneo hili ni la Digna mpaka atakapoingia kaburini. Kahawa itafute pengine. Twende juu, mbege inachacha."

Walipanda, wanaongea, wanacheka tena. Tulibaki mimi na Evaristo na ule mche katikati yetu. Nilimsogelea nikitaka kumpiga, haki ya Mungu, mkono nilishauinua.

"Miaka yote hiyo hukuniambia!"

"Nilidhani unajua, dada," akasema. "Ilikuwa miche imelala, imelowa, mchana wa jua. Nilidhani uliona."

Niliiona. Nilikumbuka palepale. Nilirudi Misa nikakuta mstari mmoja umelala na udongo wake umelowa, nikasema ni ng'ombe wa Baba amepita, na nikamgombeza Baba mbele ya jiko lake kwamba hawezi hata kufunga ng'ombe. Alisema atamfunga.

Mkono ukanishuka. Tangu mwezi wa tisa nilikuwa nimepiga magoti mahali pale nikikwangua, mmoja mmoja, kitu alichokimbia kukiokoa mzee yule asiyekimbia. Nilikaa chini kwenye udongo mtupu na gauni langu la Krismasi, nikamlilia Baba kwa sauti kuliko nilivyomlilia siku ya mazishi, mpaka huko juu wakaacha kuongea na Flavia akashuka kuja kunishika.